Sahani Isiyokuwamo Kwenye Menyu: Uhakiki wa Mlo Mmoja wa Kijapani Masaki

Ndugu msomaji, kurasa hizi umezizoea kwa mambo ya fani na maudhui, wahusika bapa na wahusika duara, na ile migogoro yetu isiyokwisha ya nani ana haki ya kuitwa mshairi. Leo nakuletea habari za chakula. Usilitupe jarida. Chakula chenyewe kilianzia kwenye ushairi, na mimi ninayeandika nina deni katika jambo hili. Afadhali nilitaje mapema kuliko nikutwe nalo.

Muhula uliopita nilikuwa mmoja wa watu watatu tuliokabidhiwa kazi ya kusoma mashairi yaliyoletwa kwa ajili ya jarida. Mwanafunzi mwenzetu, dada mmoja mwenyeji wa Tanga ambaye jina simtaji kwa kuwa hakuniruhusu, alileta mashairi saba mafupi ya mtindo wa haiku, ule wa Wajapani: mistari mitatu, mizani tano, saba na tano. Niliandika barua ya nusu ukurasa nikiyakataa. Maneno yangu nayakumbuka vizuri, maana wakati ule niliyaona matamu. Nilisema haya ni "mashairi ya hotelini", kitu cha kuazima kilichopambwa kwa majani ya kwetu. Nikasema Mswahili mwenye tarbia, utenzi na ngonjera hana sababu ya kwenda kuomba mistari mitatu Japani. Nikatia na neno kasumba, kwa sababu ukiwa mwaka wa tatu neno hilo halikosi mahali pa kukaa. Wenzangu wawili wakaniunga mkono. Mashairi yakarudishwa.

Yule dada hakununa. Alinikuta nje ya maktaba, akaniambia, "Kaka mhakiki, umesema mashairi yangu ni ya hotelini. Mimi hoteli hizo sijawahi kuingia. Wewe je?" Nikasema sijaingia. "Sasa ulijuaje?" Nikakosa jibu. Tukakubaliana twende, kila mtu ajilipie.

Basi bwana, Jumamosi moja tukapanda daladala mbili, tukamalizia kwa miguu, tukafika. Jina la mahali nalihifadhi, kwani mengine nitakayosema si ya sifa na mwenye biashara hayupo hapa kujitetea. Itoshe kusema ni Masaki, jijini Dar es Salaam, ghorofani, na kwamba mchana panaitwa mkahawa, na jioni taa zikipunguzwa panageuka baa bila kiti hata kimoja kuhamishwa. Hilo lenyewe si jambo geni kwa Wajapani. Wana mahali panaitwa izakaya, na ukilivunja neno hilo unapata maana ya kukaa kwenye duka la sake: mtu alikwenda kununua kinywaji, akaona aketi hapohapo, muuzaji akaanza kumpa na vitu vya kutafuna. Wanaojua baa zetu na nyama choma zake wataona kwamba binadamu ni mmoja.

Ukutani wamechora lile wimbi maarufu la Hokusai. Katika picha yenyewe, iliyochapwa miaka ya mwanzo ya 1830, kuna mitumbwi mitatu yenye wapiga makasia walioinama kwa hofu. Mchoraji wa Masaki amewafuta wale wapiga makasia, akaweka jahazi lenye tanga. Mlangoni limeandikwa lile neno linalopendwa siku hizi, fyusheni, yaani mseto. Nilitoa daftari hapohapo. Nikajiambia, shambulio langu limeshapata aya ya kwanza: tazama, wamemfuta mvuvi wa Japani na mvuvi wa Tanzania hawajamchora, kilichobaki ni pambo juu ya pambo. Baadaye nilikumbuka kwamba hata ile buluu ya Hokusai ilikuwa rangi iliyotoka Ulaya, na nikawa na shida ya kuendelea na aya hiyo. Lakini hapo nilikuwa bado sijala.

Menyu ilikuwa ya kurasa sita, Kiingereza kitupu. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu menyu ni matini kama matini nyingine, nayo inastahili kusomwa kwa jicho lilelile tunalosomea riwaya. Ina msimulizi, naye anajiita "sisi". Ina mandhari mbili, usiku wa Tokyo na machweo ya Zanzibar, na msimulizi huyu anarukaruka kati yake kama mtu mwenye pasipoti nzuri. Kuna sushi ya jodari na embe bichi. Kuna vipande vya ugali vya kukaanga pamoja na mayonezi ya wasabi. Kuna pweza wa kuchoma mwenye miso, ramen ya nazi na kamba, katsu kari, tempura ya mboga. Kwenye vinywaji kuna kitu kinaitwa Samurai wa Bagamoyo, ambacho ukisoma maelezo yake hadi mwisho unakuta ni konyagi na tangawizi.

Nikaanza kuhesabu maneno, kama tulivyofundishwa. Neno lenye maana ya "halisi" limetumika mara nne, na mara zote nne linafuatana na kitu cha Japani: miso halisi, wasabi halisi, na kadhalika. Vitu vya kwetu havikupewa neno hilo hata mara moja. Vyenyewe vimeitwa "vya mtaani". Pweza ni wa mtaani, embe ni la mtaani, ugali nao wa mtaani, ingawa sijui ni mtaa gani ambao ugali umehamia peke yake. Hapa ndipo penye dosari kubwa ya matini hii, na kabla sijafika kwenye mambo niliyobadilisha mawazo, naomba ieleweke kwamba hili sijabadilisha. Msimulizi amegawa ulimwengu wake sehemu mbili: upande mmoja una asili na heshima, upande wa pili una rangi na kelele. Halafu anauita mgawanyo huo mseto. Tumewahi kusoma riwaya za aina hii.

Tuliagiza ugali na sushi kwanza. Ugali ulikuwa umekaushwa hadi ukasahau kwamba uliwahi kuwa unga. Ile wasabi, ambayo mahali pengi duniani huwa ni mzizi mwingine mkali wa Ulaya uliotiwa rangi ya kijani, ilipanda puani ikashuka, mambo yakaishia hapo. Haikubadili chochote katika ugali, wala ugali haukuwa na haja nayo. Wamekaa sahani moja kama abiria wawili wa daladala.

Sushi ya embe ilikuwa jambo jingine kabisa. Asili ya sushi ni samaki aliyehifadhiwa ndani ya wali hadi wali ukachacha; ule uchachu ndio uliokuwa uhai wa chakula, na siki inayotiwa kwenye wali siku hizi imekuja kushika nafasi yake. Sasa mpishi huyu amepunguza siki, akaweka embe bichi, chumvi na pilipili, vile vipande ambavyo kila mmoja wetu alivinunua nje ya geti la shule. Embe limefanya kazi ya siki. Tena limeifanya vizuri, kwa sababu jodari anataka kitu cha kumkata. Nikaandika daftarini: embe hapa lina kazi, wasabi kule haina. Sikujua kuwa hilo ndilo litakalonigeukia.

Kuhusu vijiti sina la kusema, ila kwamba yule dada alivitumia kwa adabu na mimi nililia mkono.

Kisha tukataka chakula chenyewe. Dada akamwita mhudumu.

"Samahani kaka, huyu pweza amepakwa nini?"

"Miso, dada, na sosi tamu."

"Hiyo sosi tamu haina pombe?"

Kijana akasema hapana, kisha akasita, kisha akasema ngoja nikaulize. Aliporudi alikuwa mpole zaidi. "Dada, wamesema kuna mirin ndani. Ni kama mvinyo wa mchele, ila yenyewe tamu." Mirin ya kweli ina kileo cha takriban asilimia 14, na katika upishi wa Kijapani inaingia mahali pengi kama vile kitunguu kinavyoingia kwetu. Wakaanza kuipitia menyu pamoja, yeye kidole, kijana jibu. Pweza, mirin. Mchuzi wa tempura, mirin. Yale maandazi madogo ya nyama, gyoza, nguruwe. Ramen, supu ya mifupa ya nguruwe chini ya nazi. Kari, mirin kidogo, tena kipande chake cha nyama kimekaangwa mafuta mamoja na gyoza.

"Basi niletee maji na limau," akasema yule dada, akafunga menyu taratibu.

Nilitazama ukurasa wa kwanza ambapo msimulizi "sisi" ameandika kwamba meza hii inamkaribisha kila mtu. Mtu huyo ametaja Zanzibar mara tano na hajajiuliza Wazanzibari wanakula nini. Katika uhakiki tunasema mwandishi amesahau hadhira yake. Mimi nadhani hakusahau. Hadhira yake haikuwa sisi tangu mwanzo, bali ni wale wanaokuja kula picha ya pwani wakiwa wameshaishi nayo miezi miwili. Nikaona aya yangu ya pili ya shambulio imejileta yenyewe. Nikamtazama mwenzangu kwa ushindi, nikasema, "Unaona? Mashairi ya hotelini."

"Subiri kwanza," akasema.

Mpishi mwenyewe alikuwa ametoka jikoni. Kijana wa makamo yetu, kitambaa kichwani, Mtanzania. Akasema, "Dada, kari ya kwenye menyu siwezi kukuhakikishia, nisije nikabeba dhambi yako. Lakini kuku tulionao ni wa kuchinjwa. Na huko nyuma sisi wafanyakazi tumejipikia mchuzi wetu, wa nazi na bizari, hauna chochote. Nikukaangie kuku kwenye kikaango kingine na mafuta mapya, nikumwagie mchuzi wetu juu?"

"Bismillahi," akasema dada. "Na mwenzangu mletee ya kwenye menyu, tuone."

Wakati tunasubiri, ngoja nieleze ile kari, kwa sababu bila historia yake utaona nasimulia tonge tu. Wajapani kwa muda mrefu walikatazwa au walijizuia kula nyama ya wanyama wa miguu minne. Mwaka 1872 mfalme wao Meiji alitangazwa kuwa amekula nyama hadharani, na milango ikafunguka. Ikazaliwa aina nzima ya upishi inayoitwa yoshoku, maana yake chakula cha Kimagharibi, ingawa Mzungu akiletewa hatakitambua. Mgahawa wa Rengatei ulioko Ginza, Tokyo, ambao ulifunguliwa 1895, unatajwa sana katika habari za kile kipande cha nyama kilichovingirishwa kwenye unga wa mkate na kukaangwa kwa mafuta mengi. Kari nayo iliwafikia Wajapani kwa mikono ya Waingereza. Waingereza waliitoa India, wakaikausha wakaifanya poda ya kopo, wakaitia unga wa ngano iwe nzito, na ikiwa katika hali hiyo ikaingia Japani. Jeshi la maji la Japani likaipenda. Kitabu chao cha upishi cha mwaka 1908 kina kari ya wali, na hadi leo mabaharia wao hula kari kila Ijumaa.

Sasa litazame jina la sahani yenyewe. Katsu ni ufupisho wa katsuretsu, ambayo ni "cutlet" ya Waingereza iliyotamkwa na ulimi unaopenda irabu. Karee ni kari ya India. Ule unga wa mkate unaitwa panko, na pan ni mkate wa Wareno, waliofika Japani 1543 katika kisiwa cha Tanegashima. Tempura pia chimbuko lake linahusishwa na Wareno haohao. Hao ni watu tunaofahamiana nao: walipita Mombasa na Malindi 1498, wakatuachia meza, leso, mvinyo na gereza. Yaani chakula hiki ambacho menyu inakiita halisi, kwenye jina lake hakuna neno hata moja lililozaliwa Japani. Na Wajapani hawana wasiwasi. Wanakula tu, wanakiita chao, na ni chao.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo halikunifurahisha. Katika ile barua yangu nilitetea shairi, beti, bahari, mizani na tarbia. Maneno yote hayo ni ya Kiarabu. Katika utetezi wangu mzima wa asili nisingeweza kutaja viungo hivyo vya shairi letu la kimapokeo bila kuazima. Wazee wetu waliochukua mizani hawakuitia kwenye ushairi iwe pambo. Waliipa kazi, na ilipofanya kazi kwa muda mrefu ikapata uraia. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 hadithi yake imetoka Arabuni na hakuna mhakiki mwenye akili timamu anayeuita wa hotelini. Nami nilikuwa nimeyasoma haya yote, mtihani nimefanya, alama nikapata.

Sahani zikaja. Yangu ya menyu ilikuwa nzuri, nisiwe mchoyo. Nyama imelia kwa ukavu wa nje, ndani laini, mchuzi mweusi mtamu mzito kama uji wa mgonjwa, wali unaoshikana. Ni chakula cha kumfariji mtu aliyechoka. Lakini nilipoonja ya mwenzangu niliweka kijiko chini. Kuku alikuwa na gamba lilelile la mkate, kavu, linalovunjika kwa sauti. Juu yake mchuzi wa nazi mwepesi, bizari, binzari nyembamba, ndimu mwishoni. Mchuzi mzito ule wa Kijapani unakaa juu ya gamba. Huu wa nazi unapenya, na hapo unakuwa na dakika chache tu kabla gamba halijalainika, kwa hiyo unakula kwa haraka na kwa furaha, kama mtu anayewahi kivuko. Kari iliyotoka India ikaenda Uingereza ikaenda Japani ikaja Masaki, ilikutana mlangoni na mchuzi uliotoka India ukavuka bahari moja tu kwa jahazi ukafika Tanga. Katika sahani ile ndugu hao wawili walionana baada ya muda mrefu, na aliyewakutanisha ni haja ya mtu mmoja kutokunywa pombe.

Mpishi alipita kuuliza kama tumeridhika. Nikamuuliza kajifunza wapi. Akasema kwa Mkenya mmoja wa Nairobi, ambaye naye alijifunzia kwenye hoteli ya Dubai, kwa Mfilipino. Sanadi kamili. Nikauliza, na Mjapani? "Sijapika na Mjapani hata mmoja. Alikuja mmoja kula hapa, akaomba pilipili."

Dada akatoa karatasi mkobani. Ilikuwa mojawapo ya yale mashairi saba. "Sasa," akasema, "kwa kuwa umeshiba, hesabu mizani." Nalinakili hapa kwa idhini yake:

Kusi yavuma
mtumbwi umelala
mama hajala

Nikahesabu kwa kijiti juu ya meza. Ku-si-ya-vu-ma, tano. M-tu-mbwi-u-me-la-la, saba. Ma-ma-ha-ja-la, tano. Jumla kumi na saba, mzani mmoja tu zaidi ya mshororo mzima wa shairi letu wenye nane kwa nane. Kisha nikaona jambo lililonishika. Ile "m" ya mtumbwi tunaihesabu kuwa mzani kamili bila irabu. Wajapani wana "n" yao inayohesabiwa vivyo hivyo: tempura kwao ni te-n-pu-ra, nne. Mwingereza akiandika haiku anahangaika, kwa sababu silabi zake zinafungwa kwa konsonanti na nyingine ni nzito kama gunia. Kiswahili na Kijapani vyote viwili vina silabi nyingi zilizo wazi, na vyote viwili vina sauti ya puani inayoweza kusimama peke yake. Umbo hili halikulazimishwa kuingia katika lugha yetu. Lilikuta chumba kimetandikwa.

Kuna na jambo la pili. Haiku ya jadi inataka neno la majira, linaloitwa kigo: neno moja linalokuambia ni wakati gani wa mwaka, na wakati huo ukabeba hisia zote bila kuelezwa. Wahakiki wa Kizungu hulitaja kama urembo. Kwa mtu wa pwani si urembo. Kusi ikivuma bahari huchafuka, mtumbwi mdogo hautoki. Mtumbwi usipotoka samaki hakuna, na samaki wasipokuwapo kuna mtu nyumbani anasema ameshiba ili wengine wale. Neno hilo moja limebeba uchumi mzima wa kijiji. Katika barua yangu nililalamika kwamba shairi hili halina ujumbe wa kijamii. Sikulijua neno kusi, au nililijua kwenye kamusi tu. Mimi ni mtu wa bara, na hiyo si sababu ya kutosha.

Hata vina, ambavyo nilisema havipo, vimejitokeza: umelala, hajala. Hakuvitafuta.

Kama embe lilivyofanya kazi ya siki, ndivyo kusi ilivyofanya kazi ya majira manne ya Wajapani. Na kama wasabi ilivyokaa juu ya ugali bila ajira, ndivyo yalivyo mengi tunayoyasifu humuhumu kama majaribio, pamoja na yangu mimi, ambayo msomaji mwenye kumbukumbu ndefu anaweza kuyakuta katika toleo la mwaka juzi na namwomba asiyatafute. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na wanamapokeo wakamjia juu, ugomvi ulikwama kwenye swali la umbo limetoka wapi. Tumelirithi swali hilo kama shamba lenye kesi. Ningependa tuulize limeajiriwa kufanya nini.

Najua watakaonijibu, wengine naishi nao bweni moja. Watasema nimenunuliwa kwa sahani ya kuku. Watauliza: na tabaka je? Yule mhudumu anaweza kula pale? Hawezi, nilimuuliza, mshahara wake na menyu ile havijuani. Sahani moja ilimeza posho yangu ya chakula ya zaidi ya siku tatu, na nilirudi Mlimani nikaishi kwa mkopo kwa mamantilie hadi bumu lilipotoka. Siuondoi uchambuzi wa kitabaka hata chembe. Ila tuuweke mahali pake. Chakula kizuri kuliko vyote pale ndani kilikuwa cha wafanyakazi, kimepikwa na wafanyakazi, kinaliwa nyuma ya ukuta wa lile wimbi. Ubepari wa mahali pale haupo katika kuchanganya miso na nazi. Upo katika kuficha sufuria lile, na kuandika "halisi" kwenye chupa iliyonunuliwa.

Risiti ilipoletwa, sahani ya dada iliandikwa "katsu kari", bei kamili. Mashine haikuwa na jina jingine la kuipa. Alilipa bila kusema kitu, kisha akamwita mpishi akamshukuru.

Njiani, kituoni, nilimwambia nitaiondoa barua yangu na kuomba mashairi yasomwe upya na watu wengine. Nimeshafanya hivyo, karatasi zipo kwa mhariri. Nikamwambia pia kwamba sitayatetea yote saba. La tano lina maua ya mcheri yanayodondoka juu ya paa la makuti, na mcheri Tanga haupo, yeye hajauona, nami sijauona. Hayo maua ni wasabi. Akafikiri mpaka daladala ikafika.

"Hilo nakubali nusu, kaka," akasema. "Makuti yabaki."